Wiki tatu na wakusanyaji data wa Dodoma: tathmini ya huduma yao katika utafiti wa vijana na kaya zilizo katika mazingira magumu

Ofisi ninayoitathmini hapa iko jijini Dodoma. Ina vyumba viwili, meza nne na kabati lililojaa vishikwambi, na biashara yake ni kukusanya data kwa niaba ya watafiti wasio na watu wao wa kuwatuma vijijini. Nimeamua kutoitaja kwa jina, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyasema ni malalamiko, na ofisi yenyewe ni ndogo kiasi kwamba lalamiko moja linaweza kuwaharibia riziki vijana na akina mama ambao wengi wao walinifanyia kazi ya kuridhisha. Huduma za namna hii ni nyingi mjini hapa na mikataba yao hufanana mno. Kwa hiyo anayejiandaa kufanya utafiti wa ustawi wa jamii katika mkoa huu anaweza kuyatumia niliyoyaona hata kama atabisha hodi kwenye mlango mwingine.

Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii kwa taaluma, ingawa kwa miaka ya karibuni nimekuwa nikiratibu tafiti zaidi ya kushughulikia mashauri ya familia. Utafiti uliotupeleka kwao uliwahusu vijana wa miaka 15 hadi 24 waliotoka vijiji vya Chamwino na Bahi kwenda kutafuta kazi mjini Dodoma, pamoja na kaya walikotoka. Tulihitaji dodoso la kaya vijijini, mahojiano ya kina na vijana wenyewe mjini, kisha unukuzi wa sauti zilizorekodiwa. Ofisi ilikubali kuyafanya yote hayo kwa wiki tatu, ikitumia wadadisi wanane na wasimamizi wawili, kwa malipo ya shilingi 18,000 kwa kila dodoso lililokamilika na shilingi 35,000 kwa kila saa moja ya sauti iliyonukuliwa. Usafiri ulilipiwa kando. Neno hilo "lililokamilika" nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo lililotugharimu.

Nianze na wanachokijua vizuri, nacho ni njia ya kufika kwenye kaya. Mtafiti mgeni hudhani kwamba akishapata kibali cha ngazi ya juu mambo yamekwisha. Ukweli ni kwamba barua hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka mkoani hadi wilayani, halmashauri, kata na kijiji, na kwenye kila meza inaweza kulala siku mbili au wiki mbili kulingana na nani anaifuatilia. Msimamizi wao mkuu alizifuatilia barua zetu yeye mwenyewe, akijua ni siku gani mtendaji wa kata fulani huwa kwenye kikao na ni siku gani huwa shambani. Tulipofika vijijini hatukurudishwa hata mara moja. Jambo hilo pekee liliokoa muda ambao timu yetu isingeweza kuununua kwa fedha yoyote.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba walijua pia kumwacha mwenyekiti ofisini kwake. Katika tafiti nyingi nilizoshiriki, kiongozi wa kijiji huongozana na mdadisi hadi uani, hupewa kiti, na husikiliza yote; mama mwenye nyumba hawezi kusema mbele yake kwamba jina lake liliachwa kwenye orodha ya msaada, wala kwamba mumewe aliondoka miaka mitatu iliyopita. Ofisi hii ina utaratibu wa kumwomba mwenyekiti aitambulishe timu kwa mabalozi wa nyumba kumi asubuhi, kisha anashukuriwa, anapewa posho yake na anaendelea na shughuli zake. Ni utaratibu mdogo, lakini nimeona tafiti za fedha nyingi zikishindwa kuufuata.

Hawakuweza, hata hivyo, kuiondoa kabisa ile dhana inayomsubiri kila mtu anayefika kijijini akiwa na kishikwambi na orodha ya majina. Tangu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) uanze kuandikisha walengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, mgeni anayeuliza una mbuzi wangapi na mmekula mara ngapi jana anachukuliwa kuwa amekuja kuandikisha au kufuta. Mbuzi hupungua ghafla. Wadadisi walijitahidi kueleza, wakarudia kueleza, na katika kaya chache waliandika pembeni kwamba mhojiwa bado anaamini kuna fedha zinakuja. Maandishi hayo ya pembeni yalitusaidia wakati wa uchambuzi kuliko maswali kadhaa ya dodoso, na ninawapongeza kwa kuyaandika bila kuambiwa.

Kuhusu majira, walinipa somo nililopaswa kulijua. Sisi tulipanga kwenda mwezi wa Juni kwa sababu ndipo bajeti ilipokuwa inafunguka. Msimamizi aliniuliza, kwa adabu, kama nia yetu ni kupima njaa au shibe. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kuisha Aprili. Mwezi wa Juni mtama na uwele vimeshavunwa, na baadhi ya vijana wako nyumbani kwa sababu ya mavuno. Ukiuliza wakati huo kama kaya ilipunguza idadi ya milo ndani ya siku saba zilizopita, utapata picha ya mkoa wenye neema. Alipendekeza tusogee hadi mwishoni mwa Oktoba, ghala likiwa linaelekea kukauka na vijana wakiwa bado mjini kabla ya kuitwa kulima. Tulisogea. Nikilinganisha majibu ya majaribio tuliyoyafanya Juni na yale ya Novemba mosi katika kijiji kilekile, ni kana kwamba tulihoji watu wa wilaya mbili tofauti.

Ajabu ni kwamba ofisi yenye ujuzi wa namna hiyo ilituletea kiolezo cha dodoso kilichoanza na swali lisilofaa hata kidogo kwa utafiti wetu: "Wataje watu wote waliolala katika kaya hii usiku wa kuamkia leo." Swali hilo lina heshima yake. Sensa ya 2022 ilitumia mantiki hiyohiyo, ikawahesabu watu kwa mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na ndiyo namna salama ya kuhakikisha kwamba katika watu 61,741,120 hakuna aliyehesabiwa mara mbili. Lakini kijana tuliyemtafuta sisi ni yule hasa ambaye hakulala hapo: binti anayefanya kazi za ndani mjini, au mvulana anayebeba mizigo sokoni Majengo. Kwa swali lile, kaya iliyopeleka watoto wawili mjini na kaya ambayo haikuwahi kuwa na watoto hao zinaonekana sawa. Tuliongeza swali la pili kuhusu mtu yeyote ambaye nafasi yake bado ipo nyumbani hata kama hayupo, na la tatu kuhusu anayetuma chochote au anayetumiwa chochote. Marekebisho yaliingizwa kwenye vishikwambi siku ileile. Mafundi wao wa KoboToolbox ni wepesi, na programu yenyewe ina faida inayojulikana, kwamba inajaza fomu bila mtandao na kuzituma pale mtandao unapopatikana, jambo ambalo mtu aliyekwenda vijiji vya ndani vya Bahi ataelewa thamani yake.

Lugha ilikuwa mtihani wa aina nyingine. Katika vijiji vile Kiswahili kinaeleweka, lakini mambo ya moyoni huzungumzwa kwa Kigogo, hasa na wazee. Ofisi iliahidi wadadisi wanaokijua Kigogo, na kati ya wanane watano walikuwa Wagogo kweli. Wengine watatu walijua salamu ya "mbukwa" na si zaidi ya hapo. Dodoso halikuwa limetafsiriwa kwa Kigogo kwa maandishi, kwa hiyo kila mdadisi alitafsiri kichwani, palepale, kwa namna yake. Athari yake ilionekana kwenye swali la huzuni. Mmoja aliuliza kama mtu amekuwa "na mawazo", na akapata ndiyo nyingi, kwani nani hana mawazo mwezi wa Novemba? Mwingine alitumia neno zito lenye maana iliyo karibu na kufiwa, na akapata hapana tupu. Kosa hili tulishirikiana, kwa sababu mimi nilisaini mkataba bila kudai tafsiri ya maandishi wala ya kurudisha kutoka Kigogo kwenda Kiswahili kuona kama maana imebaki. Atakayewaajiri adai zote mbili, na alipe siku mbili za ziada kwa kazi hiyo.

Kuna pia lile neno letu la kitaalamu. Mdadisi mmoja alijitambulisha kwa mzee wa kaya, baada ya shikamoo na maelezo marefu, kwamba tunafanya utafiti kuhusu watoto na vijana wanaoishi katika mazingira hatarishi. Mzee aliangalia tembe lake, akaangalia ua uliofagiliwa asubuhi hiyo, akauliza: "Mazingira gani hayo, mwanangu? Hapa kwangu?" Tangu siku hiyo utambulisho ulibadilishwa ukawa unazungumzia vijana wanaokwenda kutafuta maisha mjini, na milango ikafunguka kwa wepesi zaidi. Istilahi hiyo ibaki kwenye ripoti, ambako haimtukani mtu.

Sasa nije kwenye fomu ya ridhaa, ambako ofisi hii, kama nyingine nilizowahi kuzitumia, inanakili maneno bila kuyafikiri. Fomu yao ilisema kwamba kila atakachosema mhojiwa kitabaki kuwa siri kabisa. Kwa mtu mzima anayezungumzia bei ya alizeti sentensi hiyo haina madhara. Kwa utafiti wetu ilikuwa ahadi ambayo hatuna haki ya kuitoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Wahojiwa wetu wa miaka 15, 16 na 17 ni vijana kwa mujibu wa Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007, iliyomhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, lakini ni watoto kwa mujibu wa sheria hiyo. Wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwao wenyewe, na wanahitaji kuambiwa mapema, kwa lugha nyepesi, kwamba wakisema jambo linaloonyesha kuwa wako hatarini tutalazimika kumwambia mtu anayeweza kusaidia. Ukimwahidi siri kabisa halafu ukalazimika kutoa taarifa, umemdanganya mtoto ambaye pengine ulikuwa mtu mzima wa kwanza kumsikiliza.

Hatari hiyo si ya kubuni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa na Serikali kwa kushirikiana na UNICEF, CDC (taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na takriban mvulana 1 kati ya kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Anayetuma wadadisi wanane kwenda kuzungumza na vijana kwa wiki tatu anajua, kabla gari halijawashwa, kwamba jambo la namna hiyo litasikika. Utafiti ule ulijipanga kwa ajili hiyo: wanawake walihojiwa na wanawake na wanaume na wanaume, na uliandaa utaratibu wa kuwapeleka kwenye huduma walioihitaji. Ni zaidi ya miaka kumi na mitano sasa, na sioni sababu ya ofisi ya kukusanya data mjini Dodoma kuanza kazi bila hata karatasi moja yenye namba za simu za maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri inakokwenda.

Dodoso letu lilikuwa na kipimo cha sonona cha PHQ-9 kwa vijana waliokutwa nyumbani. Ni maswali tisa, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Swali la tisa linauliza kama ndani ya wiki mbili zilizopita mtu amewahi kuona ni heri angekufa au kufikiria kujidhuru. Kishikwambi hakitofautishi swali hilo na lile la usingizi; ukishagusa jibu kinakuletea ukurasa unaofuata, ambao kwetu ulikuwa unauliza aina ya choo. Siku ya sita binti mmoja ambaye hakuwa ametimiza miaka 18 alijibu swali la tisa kwa namna iliyomfanya mdadisi aliyekuwa naye afunge kishikwambi na kukiweka chini. Alikaa naye. Alimpigia msimamizi wake, ambaye alimwambia amalizie kwanza, maana yalikuwa yamebaki maswali machache. Mdadisi alikataa, akanipigia mimi.

Sitaeleza zaidi kuhusu binti huyo, isipokuwa kwamba jioni hiyohiyo alikuwa mikononi mwa watu wenye dhamana na ujuzi wa kumsaidia. Ninachotaka msomaji akione ni hesabu iliyofuata. Dodoso halikukamilika, kwa hiyo halikulipwa. Mdadisi alitumia saa tatu ambazo wenzake walijaza madodoso mawili kila mmoja. Nauli ya bodaboda aliitoa mfukoni, na alipoomba kurudishiwa aliambiwa haimo kwenye mkataba. Nilipousoma mkataba upya nikakuta kweli haimo. Katika andiko letu la utafiti tulikuwa na kurasa mbili nzuri kuhusu rufaa, yaani namna ya kumpeleka mhojiwa kwenye huduma anayoihitaji, na hakuna hata sentensi moja iliyovuka kutoka kwenye andiko hilo kwenda kwenye mkataba wala kwenye mafunzo ya siku mbili. Tulimlipa mdadisi wetu siku nzima pamoja na nauli. Msimamizi aliyemwambia amalizie kwanza alikuja baadaye kuomba radhi. Naye alikuwa na lengo la idadi ya kila siku, na posho yake ilitegemea lengo hilo.

Malipo kwa kila dodoso lililokamilika yana madhara mengine, ya kawaida zaidi. Kishikwambi huandika saa ya kuanza na ya kumaliza. Mahojiano tuliyoyapima wakati wa majaribio yalichukua dakika 50 kwa wastani, na katika kupitia fomu za wiki ya kwanza nilikuta kadhaa za mdadisi mmoja zilizokwisha kwa dakika 17. Tulipiga simu kwenye kaya hizo; watu walikumbuka kutembelewa, hawakukumbuka kuulizwa kuhusu watoto walioondoka. Haki isemwe: ofisi haikubishana. Walimrudisha mdadisi huyo mjini, wakatuma mwingine, na fomu zote zikarudiwa kwa gharama yao. Nimeshuhudia ofisi kubwa zaidi zikijitetea kwa wiki nzima juu ya jambo la namna hiyo.

Upande wa mjini kazi ilikuwa bora, na sehemu kubwa ya ubora huo ilitokana na wadadisi wawili wa kiume waliowahi wenyewe kuuza maji na karanga stendi. Walijua kwamba kijana wa stendi kuu ya Nzuguni huwezi kumhoji asubuhi mabasi yanapoondoka, wala jioni yanapoingia, na kwamba ukimwita pembeni mbele ya wenzake ataulizwa siku nzima umempa shilingi ngapi. Walikuwa wakinunua chai mchana, wanakaa, na mahojiano yanafanyika siku ya pili au ya tatu, mahali kijana mwenyewe alipopachagua. Shukrani kwa muda wake ilikuwa sawa kwa wote, mche wa sabuni na nauli, kama ilivyokuwa kijijini. Kwa mabinti wa kazi za ndani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ruhusa ya kutoka iko kwa mwajiri, na mwajiri anataka kujua anakwenda kusema nini. Waliopatikana walipatikana Jumapili baada ya ibada. Najua kwamba waliobanwa zaidi ndio tuliowakosa, na hakuna ofisi ya data inayoweza kunitatulia hilo kwa mkataba wa wiki tatu.

Unukuzi nitautathmini kwa ukali. Makaratasi yaliyokuja yalikuwa safi kupita kiasi. Nilisikiliza sauti moja na kulinganisha. Kijana alisema anaishi geto na wenzake wanne; karatasi ilisema "chumba cha kupanga". Alisema anafanya mishemishe. Karatasi ikasema "biashara ndogondogo". Alisema anapiga dei waka kwenye bajaji ya mtu. Karatasi ikasema "kibarua". Mnukuzi, mwalimu mstaafu kwa ninavyoambiwa, alikuwa akisahihisha. Kwa kufanya hivyo alifuta tofauti ambazo ndizo tuliziendea: geto si chumba tu, ni mkataba wa kulishana na kufichana shida, na dei waka ni mtu anayeendesha chombo kwa hisani ya dereva mwingine, ambaye mwenye chombo pengine hamjui kabisa. Mahali kijana aliponyamaza kwa muda mrefu, karatasi ilirukia sentensi iliyofuata. Sauti za Kigogo ndizo zilizoumia zaidi, kwani zilitafsiriwa moja kwa moja kwa Kiswahili bila kuandikwa kwanza kwa Kigogo, hivyo hakuna anayeweza kuzihakiki bila kurudi kwenye rekodi. Tuliwarudishia zote. Mzunguko wa pili ulikuwa mzuri, lakini ulichelewa siku 11, na nusu ya gharama yake tuliibeba sisi.

Kuhusu utunzaji wa taarifa, walikuwa na mazoea mabaya ambayo walikubali kuyaacha mara moja. Fomu yao ilichukua jina la mkuu wa kaya, namba ya simu na nukta ya GPS ya mlango, vyote kwenye faili moja na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na faili lenye ramani ya nyumba za mabinti waliosema wamepigwa ni jambo la kuogofya hata kama sheria isingekuwapo. Majina yalihamishiwa faili jingine lenye nywila, GPS ikabaki kwenye ngazi ya kitongoji, na vishikwambi vikafutwa mbele yangu siku ya mwisho. Nilipouliza data za wateja waliotangulia ziko wapi, nilionyeshwa kompyuta iliyokuwa mezani, imewashwa, bila mtu.

Kwa dodoso la kaya ningewaajiri tena, na nimeshawaambia hivyo, kwa masharti ya kulipwa kwa siku badala ya kwa fomu, kutafsiriwa kwa maswali kwa maandishi kabla ya mafunzo, na kila mdadisi kuwa na fungu dogo la nauli ya rufaa lisilohitaji kibali cha msimamizi, pamoja na namba ya afisa ustawi wa jamii wa eneo husika na ile ya 116 ya huduma kwa mtoto. Kwa mahojiano ya kina mjini ningewataka wadadisi wale wawili kwa majina yao kwenye mkataba. Mahojiano na walio chini ya miaka 18 ningeyafanya na watu wenye mafunzo ya ustawi wa jamii, hata kama gharama itapanda, na mdadisi aliyefunga kishikwambi siku ya sita sasa anasoma cheti cha fani hiyo jioni, kwa fedha zake. Unukuzi ningeupeleka kwingine.

Anayetaka kuwatumia awahi kuweka miadi kabla ya katikati ya Novemba. Mvua zikishanyesha simu ya ofisi hupokelewa, lakini wadadisi wao wazuri wana mashamba, na hawarudi mjini mpaka palizi iishe.